Kabla hujapiga takbira kwa matenki yanayowaka



Ndugu zangu na dada zangu, hii ni ndefu. Mwenye haraka aihifadhi, aisome baada ya Isha akiwa ametulia.

Kuna klipu zinazunguka kwenye makundi yetu kila wiki, na zote zinafanana. Ni usiku, unasikia mlio kama wa pikipiki bovu inayopita juu ya mapaa, mara mwanga mkubwa, kisha moshi mweusi unaofunika mji. Chini yake utakuta takbira, vikatuni vya moto, na maneno kama "wamepigwa kwenye mshipa." Muulize aliyeisambaza ni nchi gani na nani kampiga nani, hana jibu. Mmoja atakwambia Urusi, wa pili atasema Ghuba, wa tatu ataapa kabisa kuwa ni Haifa. Klipu moja nimeiona ikipewa nchi tatu ndani ya kundi moja, tena kundi la darsa.

Nilipowaambia watu wapunguze furaha, kijana mmoja akaniandikia: "Sheikh, haya si matenki ya mafuta tu? Si bora wapige mafuta kuliko kupiga watu?"

Swali lake ni la maana na halikujibiwa kwa mzaha na wanazuoni wetu wa zamani. Walilijadili kwa miti na majumba, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa mali ya adui zama zao. Basi tulijibu kwa elimu, tuuache ushabiki pembeni. Lakini huwezi kutoa hukumu juu ya kitu usichokijua, kwa hiyo tuanze na chombo chenyewe.

Droni ya masafa marefu haifanani na ile inayopiga picha harusini. Chukua ile iliyobuniwa Iran inayoitwa Shahed, ambayo Warusi wanaitengeneza kwao na kuiita Geran. Ina mabawa ya pembetatu, propela nyuma, na injini ndogo ambayo ndiyo hiyo unayoisikia ikiguruma. Mwendo wake haufiki hata robo ya mwendo wa ndege ya abiria. Inabeba baruti ya kilo 50 hivi, inasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa kufuata njia iliyopangiwa tangu chini, na haina safari ya kurudi. Waukraine nao wameunda za kwao, nyingine wamezifanya kwa kuchukua vindege vidogo vya kiraia, wakatoa kiti cha rubani wakaweka mabomu.

Sasa sikiliza hesabu yake, maana hapa ndipo vita vilipobadilika. Droni kama hiyo inakadiriwa kugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kombora moja la Patriot la kuitungua linagharimu mamilioni ya dola. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo atakwambia nani atafilisika kwanza kama biashara ikiendelea hivyo kila usiku.

Na kwa nini mafuta? Kwa sababu kilo 50 za baruti hazibomoi mji. Ukizipiga kwenye jengo la zege zitavunja kuta na madirisha. Lakini mafuta yana moto wake ndani. Droni inapeleka kiberiti tu, kazi iliyobaki yanaimaliza mafuta yenyewe. Tena kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta kuna minara mirefu ambamo mafuta ghafi yaliyochemshwa hadi nyuzi 350 hivi hupanda kama mvuke na kujitenga: petroli juu, mafuta ya taa na dizeli chini yake, na mazito yanabaki chini kabisa. Tenki likiungua utajenga jingine. Mnara ule ukitobolewa, hauendi kununua mwingine dukani. Unaagizwa maalumu, unachukua miezi, na kama nchi imewekewa vikwazo, ndiyo kabisa.

Dunia ililiona hili tarehe 14 Septemba 2019 kule Abqaiq na Khurais, Saudi Arabia. Alfajiri moja, droni na makombora yakapiga kituo kikubwa cha kuchakata mafuta, na nchi ikapoteza mapipa milioni 5.7 kwa siku, zaidi ya nusu ya uzalishaji wake na karibu asilimia 5 ya mafuta ya dunia nzima. Wahouthi wa Yemen walisema ni wao. Saudia na Marekani zikasema ni Iran. Iran ikakana. Jumatatu yake bei ya mafuta ilifunguka ikiwa juu karibu asilimia 20. Uzalishaji ulirudi ndani ya wiki chache, lakini kila jeshi duniani lilikuwa limeshaandika somo lile kwenye daftari.

Wakumbuke waliopiga takbira siku ile. Kundi moja la Waislamu lilishangilia kwa sababu linaichukia Riyadh, na Yemen ilikuwa ikilia. Kundi jingine lililia, na kundi hilohilo lilikuwa limenyamaza ndege zilipokuwa zikishusha mabomu Sanaa. Mimi sikuona mizani pale, niliona jezi. Na mtu aliyevaa jezi hawezi kuwa mwamuzi.

Sasa turudi kwenye swali: mali ya adui vitani, inaharibiwa au haiharibiwi?

Wanaosoma Sira wanajua kisa cha Banu Nadhir, mwaka wa 4 Hijria. Walijifungia ngomeni, na baadhi ya mitende yao ikakatwa. Masahaba wenyewe walisitasita: wapo waliokata, na wapo waliosema haya si ni uharibifu? Aya ya 5 ya Surat al-Hashr ikashuka kuhusu jambo lilelile, ikaweka wazi kuwa waliokata na walioacha, wote hawakutoka nje ya idhini ya Mola wao. Na huko Taif, mwaka wa 8, ikaamriwa mizabibu ya Thaqif ikatwe ili wateremke ngomeni. Wenyewe wakamwomba Mtume (s.a.w.) aiache kwa ajili ya Allah na kwa ajili ya udugu wa damu, naye akaiacha.

Soma visa hivyo viwili pamoja, usichukue kimoja ukaacha kingine. Kuna ruhusa, na kuna kuombwa ukasamehe wakati una uwezo wa kuendelea.

Halafu akaja Sayyidna Abubakar (r.a.). Alipokuwa akimsindikiza Yazid bin Abi Sufyan kwenda Sham, alimpa wasia ambao Imamu Malik ameuhifadhi katika Muwatta: wasiuawe wanawake, watoto wala wazee, isikatwe miti yenye matunda, yasibomolewe makazi ya watu, wasichinjwe kondoo wala ngamia ila kwa kuliwa. Sasa utasema, mbona Mtume aliruhusu na Khalifa akakataza? Hapo ndipo wanazuoni walipogawanyika. Imamu Awzai, ambaye alikuwa mtu wa Sham na aliishi Beirut, alishikilia wasia wa Abubakar: kuharibu ni kuharibu, haifai. Imamu Shafi, ambaye wengi wetu wa pwani hii tunafuata madhehebu yake, alisema kisichokuwa na roho, kama miti na majengo, kinaweza kuharibiwa ikiwa kinampa adui nguvu. Na huenda, akasema, Abubakar alizuia kwa sababu alijua Sham itafunguliwa na mali ile itakuwa ya Waislamu. Chenye roho, hapana. Hata farasi na ng'ombe wa adui hauwi tu ili kumuumiza moyo.

Wapo watakaoniletea hadithi ya kukatazwa kuadhibu kwa moto. Ile inahusu kuwachoma watu. Kuchoma mali vitani ni mlango mwingine, tusichanganye.

Sasa chukua mizani hiyo uipeleke Engels, mji wa Urusi ulio kando ya mto Volga. Pale kuna uwanja wa kijeshi ambako yanaruka madege makubwa yanayorusha makombora kwenye miji ya Ukraine. Januari 2025 droni za Ukraine zilipiga ghala la mafuta linalolisha uwanja ule, likaungua kwa siku tano. Mimi nikipima kwa kauli ya Imamu Shafi, nasema hoja ya Waukraine hapa ina uzito. Mafuta yale yalikuwa nguvu ya adui kwa maana ya moja kwa moja: yanaingia kwenye tenki la ndege, ndege inaruka, jengo la watu linaanguka. Sisemi hivi kwa mapenzi na Kyiv wala kwa chuki na Moscow. Wengi wenu mnajua siko kwenye timu yoyote kati ya hizo, na mtanitukana pande zote mbili, alhamdulillah.

Lakini hata pale Engels, wazimamoto wawili walikufa. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Na kampeni ile haikuishia kwenye maghala ya jeshi. Tangu Januari 2024 zimepigwa Ust-Luga, Tuapse, Ryazan, Volgograd, Kirishi, Saratov, na Oktoba 2025 zikafika hadi Tyumen huko Siberia, yapata kilomita 2,000 kutoka mpakani. Serikali ya Urusi ilizuia kuuza petroli nje kuanzia Machi 2024, na kufikia mwaka 2025 watu wa Crimea walikuwa wakipimiwa petroli kwa lita. Sasa kiwanda kinachotengeneza dizeli ya kifaru ndicho kinachotengeneza dizeli ya trekta na ya gari la wagonjwa. Haitoki kwenye mabomba mawili. Hapo uzito wa hoja unaanza kupungua, na kila hatua unayotoka kwenye uwanja wa jeshi kwenda kwenye mji wa watu unapungua zaidi. Na Urusi iliutembea mwendo huo mapema zaidi, na kwa ukatili zaidi: tangu Oktoba 2022 imekuwa ikipiga vituo vya umeme vya Ukraine wakati wa baridi, watu wakalala gizani kwenye baridi kali, kwa droni hizihizi.

Machi 2024 gazeti la Financial Times liliandika kwamba Wamarekani wameiomba Ukraine isimamishe kupiga viwanda vya mafuta. Ukadhani ni huruma kwa wafanyakazi wa viwandani? Ilikuwa hofu ya bei ya mafuta kupanda. Haya.

Kama unataka kuona hoja ya Imamu Awzai inasimama wapi, usiende mbali hivyo. Njoo Sudan.

Vita vile vilianza tarehe 15 Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, kati ya jeshi na kikosi cha RSF. Wote wanafunga, wote wanasali, wote wana bendera zenye maneno mazuri. Kiwanda cha al-Jaili kaskazini mwa Khartoum, kikubwa kuliko vyote nchini, kiliungua moto mkubwa Januari 2025 huku kila upande ukimlaumu mwenzake. Port Sudan ilikuwa imekuwa makao ya serikali, kimbilio la mamia ya maelfu ya waliokimbia, na mlango mkuu wa chakula cha msaada. Mwanzoni mwa Mei 2025 droni zikaifikia. Kwa siku kadhaa zilipiga eneo la uwanja wa ndege, bandari, na maghala ya mafuta, moshi ukasimama juu ya mji. Jeshi likasema ni RSF. RSF hawakutoka hadharani kukubali.

Ndugu yangu, mafuta ya Port Sudan ni nini? Kwa jeshi ni gari na ndege, hilo sikatai. Lakini nchi isiyokuwa na umeme wa kutegemea, dizeli ndiyo pampu ya maji. Dizeli ndiyo jenereta ya chumba cha upasuaji. Dizeli ndiyo lori linalobeba unga kutoka bandarini hadi kwa mama aliyekaa chini ya turubai siku ya mia tatu. Ukiichoma hukumnyang'anya jenerali, jenerali ana akiba yake. Katikati ya mwezi uleule droni zilipiga vituo vya umeme vya Omdurman, pampu za maji zikasimama, watu wakachota maji popote walipoyapata, na kipindupindu kikapanda. Waliokufa kwa kuhara hawapo kwenye klipu. Hakuna anayerekodi mtoto anayeishiwa maji mwilini halafu akaweka takbira chini yake.

Wallahi, pale Sudan mimi siioni ruhusa ya Imamu Shafi. Yeye alizungumzia nguvu ya adui. Hii ni shahada ya kifo kwa raia, na aliyeishangilia kwa sababu anampenda jenerali huyu au yule ajiulize atajibu nini.

Madhara yake hayakomei mpakani. Sudan Kusini ni ndugu zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mafuta yao karibu yote yanapita kwenye bomba linalokatiza Sudan hadi Bahari ya Shamu. Vita vilipoharibu bomba mapema mwaka 2024, sehemu kubwa ya mauzo yao ya nje ikakatika kwa takriban mwaka mzima. Nchi inayoishi kwa mafuta, mshahara wa mwalimu wa Juba unatoka wapi? Na sisi huku, kila EWURA wanapotangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wenzetu wa Kenya EPRA tarehe 14, tunalalamikia sheli. Sheli hana kosa. Tunanunua kwenye soko moja la dunia, na hofu ya Ghuba inaingia kwenye nauli ya daladala. Mtume (s.a.w.) alivitaja maji, malisho na moto kuwa vitu ambavyo watu wana ushirika ndani yake, na wapo wanazuoni wa zama zetu wanaoyaingiza mafuta kwenye maana hiyo. Sasa unashangilia kuungua kwa kitu ambacho una fungu ndani yake.

Hadi hapa nimezungumzia mali. Kijana wangu alisema "bora mafuta kuliko watu." Tutazame kama watu kweli hawapo.

Katika vita kimoja Mtume (s.a.w.) aliona watu wamekusanyika kwenye maiti ya mwanamke. Akaukataza mauaji yale, kwa kuwa hakuwa mwenye kupigana. Kisha akamtuma mtu amfikie Khalid bin Walid aliyekuwa mbele ya jeshi, amwambie asiue mwanamke wala 'asif. Hadithi hii ipo katika Abu Daud. Wengi wetu tunaikumbuka sehemu ya mwanamke, tunaipita sehemu ya pili. 'Asif ni nani? Ni kibarua. Ni mtu wa kuajiriwa, aliyekuja kutafuta riziki, akachunga wanyama au akabeba mizigo ya watu wenye vita vyao. Wanazuoni wamejadili mipaka yake, hasa akishika silaha, lakini asili ya neno iko wazi: kibarua ametajwa kando, kwa jina la kazi yake, ili asiuawe.

Mtazame sasa 'asif wa kwenye mafuta. Tarehe 17 Januari 2022 Wahouthi walirusha droni na makombora Abu Dhabi. Malori matatu ya mafuta yalilipuka eneo la Musaffah. Walikufa watu watatu: Wahindi wawili na Mpakistani mmoja. Hakukuwa na mwanamfalme, hakukuwa na ofisa wa jeshi. Ni watu waliokuwa wakituma pesa nyumbani mwisho wa mwezi. Na ndani ya Musaffah na mitaa kama hiyo ya Ghuba wamejaa watoto wetu wa Tanga, Mombasa, Unguja, Kampala, madereva, walinzi, wapishi. Ungejua jina la mmoja wao usingeweka kikatuni cha kucheka. Wale wazimamoto wawili wa Engels nao ni wa mlango huu: mtu aliyekwenda kuzima moto.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kule Tatarstan, nchi ya Watatari walio ndani ya Urusi, ambao wahenga wao waliupokea Uislamu tangu mwaka 922, kuna eneo la viwanda linaitwa Alabuga, karibu na mji wa Yelabuga. Ndani yake zinaunganishwa droni nilizozieleza juu. Na wanaoziunganisha, sehemu yao ni mabinti wa Kiafrika. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilichapisha uchunguzi: wasichana wapatao 200 kutoka Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini, Sierra Leone, Nigeria na kwingineko, wenye umri wa miaka 18 hadi 22. Waliona tangazo kwenye simu. Tiketi ya ndege bure, mshahara, kusoma huku unafanya kazi, maisha ya Ulaya. Mtihani wa kuingia ulikuwa mchezo wa kompyuta na kujifunza maneno 100 ya Kirusi. Wengine walidhani wanakwenda kwenye kazi za hoteli na upishi. Walipofika wakajikuta kiwandani. Walisimulia saa ndefu za kazi, kuangaliwa kila hatua, mshahara usiofanana na ahadi, na kemikali zilizowaharibu ngozi.

Sasa sikiliza tarehe hii: 2 Aprili 2024, kumi la mwisho la Ramadhani. Asubuhi ile droni za Ukraine zilivuka zaidi ya kilomita 1,000 zikafika Tatarstan. Moja ilipiga kiwanda cha mafuta cha Taneco mjini Nizhnekamsk, kimoja kati ya vikubwa vya Urusi. Moto ukazimwa kwa dakika 20 hivi. Nyingine, kile kindege cha kiraia kilichogeuzwa bomu, ikaangukia hosteli Alabuga. Watu kadhaa wakajeruhiwa. Miongoni mwa waliokuwa wakiishi hosteli zile ni hao mabinti wa Kiafrika.

Mwone binti huyo. Katoka Kampala au Nairobi. Mama yake kauza ng'ombe au kakopa kwenye kikoba apate pasipoti. Mchana anaunganisha mabawa ya chombo kitakachokwenda kuzima taa za hospitali ya mtu asiyemjua. Usiku chombo cha mtu huyo kinakuja kumtafuta kitandani. Yeye ni 'asif au ni mwenye vita? Mimi nimelifikiria sana. Anayejua anachounda na akaendelea kwa hiari, huyo mikono yake imo, na fiqhi haimpi udhuru kwa sababu ya mshahara. Aliyedanganywa, pasipoti ikashikwa, hana nauli ya kurudi, huyo ni mateka zaidi kuliko mfanyakazi. Na wengi wako katikati, wanajua nusu. Allah ndiye mjuzi wa nyoyo. Lakini mimi na wewe tuliona moshi wa siku ile kwenye simu, na pakawa na mtu aliyeandika "safi sana."

Kwa hiyo ewe kijana uliyeniuliza: mpiganaji aliye mbele ya adui anaweza kuwa na udhuru wa dharura, na atakwenda nao mbele ya Mola wake. Wewe uliyekaa kwenye kochi Temeke una dharura gani ya kufurahi? Hukushambuliwa, hujitetei, hujui hata ni mji gani. Tumeamrishwa kuhakiki habari inapotujia, na hiyo ni habari ya maneno tu. Je hii ya moto? Kama ni lazima uitume klipu, andika ni wapi, lini, nani kapiga. Ukishindwa kuyajua hayo matatu, ifute, simu yako itapumua.

Na wazazi, hili ni lenu. Matangazo yale hayajakoma. Mwaka 2025 serikali ya Afrika Kusini iliwaonya mabinti zake waziwazi juu ya ajira za Urusi zinazotangazwa mitandaoni, baada ya watu maarufu wa mitandao kulipigia debe. Yanakuja kwa Kiingereza kizuri, yana picha za wasichana wanaotabasamu na kofia za upishi, na mara nyingi yanataka wasichana peke yao wa umri ule wa miaka 18 hadi 22. Binti yako akikuletea, usimfokee. Kaa naye, msome pamoja. Muulize: kiwanda kinatengeneza nini? Mji gani, si nchi gani? Mkataba uko kwa lugha gani, na nani aliyekusomea? Pasipoti anaishika nani ukifika? Ukitaka kurudi mwezi wa pili, tiketi inalipwa na nani? Mpelekeeni mtu anayejua Kirusi, vyuoni wapo waliosoma huko. Nendeni wizara inayohusika na ajira za nje mkaulize kama wakala huyo amesajiliwa. Na kama yuko tayari kule na sauti yake kwenye simu imebadilika, anajibu kwa ufupi na hataki kuwasha kamera, msisubiri arudi likizo. Piga ubalozini leo.

Wenye maswali waandike hapa chini, kwa adabu. Nitajibu baada ya darsa la Alhamisi, inshaAllah.